KELELE ZA KURA, KIMYA CHA HOJA

(Hotuba kwa vijana wa Misungwi)

Ndugu zangu vijana, wa hapa Misungwi na nyinyi wa Mwanza mjini mnaosoma haya kijiweni, sikuja kumpigia mtu debe. Nina swali moja tu: wakati wa kampeni, nani alimkumbuka mwanafunzi?

Rudini nyuma kidogo, Novemba 2024. Mtihani wa taifa wa kidato cha nne ulianza tarehe 11, ukamalizika tarehe 29. Kampeni za serikali za mitaa zikaanza tarehe 20, zikafungwa tarehe 26, kura ikapigwa tarehe 27. Yaani kijana anafanya mtihani wa maisha yake, na waheshimiwa watarajiwa wanafanya wa kwao, tena chini ya dirisha lake!

Dogo mmoja aliyepanga chumba jirani na stendi alinisimulia. Gari la matangazo linapita, spika mbili juu, nyuma msururu wa bodaboda, honi hazipumui. Likiondoka la chama hiki, linaingia la chama kile. Kanuni zilitaka mikutano iwe kati ya saa 2 asubuhi na saa 12 jioni, lakini muziki hauna saa ya mkononi.

"Kaka," akaniambia, "nyimbo zao zote nilizikariri, nilichosoma ndicho kilichonitoka. Na mpaka leo sijui hata mgombea mmoja alitaka kutufanyia nini."

Hapo ndipo penye kidonda. Dogo hakulilia usingizi tu. Alisikilizishwa wiki nzima, akaambulia patupu.

Sisi Usukumani hatuogopi kelele. Wagika na Wagalu wameshindana kwa ngoma toka enzi za mababu, na mshindi ni yule anayevuta umati. Safi kabisa, ile ni ngoma. Lakini mwenyekiti wa kijiji si manju! Huyu ndiye anayeongoza mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria hukutana kila baada ya miezi mitatu. Ndipo mapato na matumizi yanapotakiwa kusomwa, ndipo wananchi wanapouliza michango yao ya darasa na madawati imekwenda wapi. Mgombea akishajua kwamba atashangiliwa bila kuulizwa, ajisumbue kujibu kwa lipi?

Na tusidanganyane. Zile kelele nani alizipiga? Ni sisi! Nani alikuwa juu ya pikipiki? Nani alipewa fulana na mafuta ya kuzungukia mji, jioni akarudi kijiweni kulalamika kwamba viongozi hawatujali? Mgombea ana mdomo mmoja tu. Honi zote ni za kwetu.

Chaguzi hizi huja kila baada ya miaka mitano. Zikija nyingine, tufanye mambo mawili. Kwanza, ukipita karibu na shule au mageto ya wanafunzi, zima honi, aliyemo ndani ni mdogo wako. Pili, mkutanoni nyoosha mkono uulize: mapato na matumizi yalisomwa lini mara ya mwisho? Swali hilo halihitaji spika, na mgombea asiye na jibu litamtoa jasho.

Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Basi livume lenyewe, tusiwe sisi wa kulibeba kichwani.