Ada ya Chuo Kikuu na Haki ya Yatima



Zamani serikali ilimlipia mwanafunzi wa chuo kikuu; mwaka 1992 ukaanza uchangiaji wa gharama. Tangu 2005 Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu humkopesha mhitaji, naye hurejesha baadaye. Ada ya kozi ni moja kwa tajiri na maskini; uhitaji ndio hupimwa, tena kwa hati. Yatima asiye na cheti cha kifo cha mzazi kilichohakikiwa na RITA atauthibitishaje uyatima wake?

Viongozi wa jumuiya ndogondogo, msingoje matokeo ya kidato cha sita. Watembeleeni wajane na walezi, muwasindikize ofisi ya Mkuu wa Wilaya kuandikisha vifo. Harambee ni huruma; cheti ni haki.