MRUDISHENI KWA UPOLE

Somo: Wagalatia 6:1-5

 

Somo letu la leo ni maneno ya Mtume Paulo kwa Wagalatia. Paulo anasema juu ya ndugu aliyeangukia katika kosa. Haamuru afukuzwe, wala hasemi tujifanye kwamba hatukuona. Anawaagiza wale walio wa Roho wamrudishe katika hali yake, tena kwa upole, kila mmoja akijiangalia asije akajaribiwa yeye naye.

Neno alilolitumia Paulo katika Kiyunani ni neno la mafundi. Ndilo tunalolikuta katika Mathayo 4:21, pale Yakobo na Yohana walipokuwa chomboni pamoja na baba yao wakizitengeneza nyavu zao. Waganga wa Kiyunani nao walitumia neno la jamaa hiyo waliposema juu ya kurudisha mfupa mahali pake. Basi, kumrudisha aliyeanguka ni kazi yenye utaratibu wake, nayo yaweza kufanywa vizuri au vibaya. Ili tuielewe, leo na tuingie katika karakana moja.

Wazee wetu wanazikumbuka pikipiki za Kiingereza: BSA, Triumph na Norton. BSA zilitengenezwa Small Heath katika mji wa Birmingham, na wakati wa Vita Kuu ya Pili kampuni hiyo ililipatia jeshi pikipiki zaidi ya 120,000 za aina ya M20. Kiwanda cha Triumph huko Coventry kilibomolewa na mabomu mwezi wa Novemba 1940, kikajengwa kipya Meriden, nacho kikafungwa mwaka wa 1983. Viwanda vimekwisha, lakini pikipiki zenyewe ziko. Huko Uingereza wako watu wanaozitunza na kuziendesha hata leo. Na mara nyingi fundi akiifungua moja, hugundua kwamba ilipata ajali miaka mingi iliyopita, na ajali hiyo ilifichwa.

Pikipiki ikigonga ukuta kwa mbele, pigo huanzia kwenye gurudumu, likapanda kwenye foki, likafika kwenye shingo ya fremu, pale usukani unapozungukia. Foki hupinda. Pigo likiwa kubwa, shingo yenyewe husukumwa nyuma, na bomba linaloshuka mbele ya injini hujikunja karibu na shingo. Gurudumu la mbele husogea karibu na injini, pengine kwa upana wa kidole tu. Mtu anayepita hawezi kuona.

Hapo mwenye pikipiki ana njia mbili. Ya kwanza ni rahisi. Atatia foki nyingine, atapaka puti kwenye mikunjo, atapiga msasa, atapaka rangi nyeusi inayong'aa, kisha ataipeleka sokoni. Mnunuzi ataipenda. Lakini barabarani, mwendo ukizidi, pikipiki huvuta upande mmoja, na usukani huanza kutikisika mikononi. Atakayeumia si yule aliyepaka rangi. Ni yule aliyenunua bila kujua.

Ndugu zangu, mambo hayo hayako kwa pikipiki tu. Tuseme mweka hazina wa kanisa amekula fedha za harambee. Ni mtu wa watu, tena ana jamaa katika kamati. Basi wazee wanakutana usiku, wanasema, "Tusiliaibishe kanisa." Hesabu hazifunguliwi. Mwezi ujao anahamia kanisa jingine akiwa na barua nzuri mkononi, na huko anapewa ufunguo wa sanduku. Watu husema kwamba amesamehewa. Lakini huo si msamaha. Ni rangi. Yeye mwenyewe hakusaidiwa, maana bado amepinda. Na yule mjane atakayetoa sadaka yake kule aendako ndiye mnunuzi asiyejua.

Njia ya pili huanza kwa kufungua. Fundi mwaminifu huondoa injini, tangi na kiti, mpaka fremu ibaki peke yake. Huondoa na rangi yote, kwa kuwa nyufa hupenda kujificha chini yake. Kisha hupima. Bomba za foki huziviringisha juu ya kioo kilicho sawa, na ile iliyopinda huonekana mara moja, kwa sababu mwanga hupenya chini yake. Hupitisha chuma kilichonyooka katika shingo, na huvuta uzi kandokando ya magurudumu mawili. Angalieni, wapenzi: hapimi kwa pikipiki ya jirani, ambayo huenda nayo imepinda. Ndiyo maana Paulo anasema kila mtu na aipime kazi yake mwenyewe. Kipimo chetu ni Kristo. Tukijilinganisha na yule mlevi wa kijijini, sote tutajiona tumenyooka.

Baada ya kupima, fundi hunyoosha, na hapa ndipo upole unapohitajika. Katika fremu nyingi za zamani, bomba zimechomekwa katika viungo vya chuma cha kuyeyushwa, zikaungwa kwa shaba ya manjano motoni. Ukivipiga viungo hivyo kwa nyundo, vyaweza kupasuka. Ukizidisha moto, shaba italegea. Ukimwaga maji juu ya bomba lenye moto, laweza kuwa gumu na kuvunjika upesi baadaye. Kwa hiyo fundi huifunga fremu imara juu ya meza ya chuma, huisukuma kidogo kwa jeki, hupima, husukuma tena, kisha huiacha ipoe yenyewe. Tena, lazima ajue ni fremu ya namna gani. Fremu ya Norton iitwayo Featherbed, iliyobuniwa na Rex McCandless wa Belfast na kuingia mashindanoni mwaka wa 1950, iliundwa kwa njia nyingine, nayo hutengenezwa kwa njia nyingine. Watu nao ni hivyo. Kijana aliyempa msichana mimba, mama aliyeshikwa na pombe, mzee aliyekula fedha: hawanyooshwi wote kwa maneno yale yale mbele ya mkutano wote.

Lakini upole si kuacha kazi nusu. Bomba lililokunjika kabisa halinyooshwi, kwa kuwa pale lilipokunjika limekwisha kudhoofika. Hukatwa, na kipande kipya huungwa mahali pake. Zakayo alipookoka hakutosheka na kulia. Alisema atawarudishia mara nne wale aliowadhulumu. Yule mweka hazina naye, akitubu kweli, atakaribishwa ibadani na mezani pa Bwana, na fedha atazirudisha, hata kama ni kidogo kidogo. Na ufunguo wa sanduku utakaa kwa mtu mwingine. Hayo si kumchukia. Ni kumpenda yeye, na kumpenda mjane pia.

Liko jambo moja zaidi. Kwenye shingo ya fremu hizo nyingi pamepigwa namba. Kwa namba hiyo pikipiki hujulikana ilitoka kiwandani mwaka gani. Fundi mwema akinyoosha shingo, huilinda namba ile isifutike. Angeweza kutupa fremu yote na kununua nyingine, lakini hiyo ingekuwa pikipiki nyingine. Mungu naye hatutupi ili atafute watu wengine. Petro alimkana Bwana mara tatu. Kando ya bahari Bwana alimwuliza mara tatu kama anampenda, akagusa kila mahali palipopinda, kisha akamkabidhi kondoo zake. Alikuwa Petro yule yule, aliyenyooshwa.

Kazi ikiisha, fundi mwaminifu huipanda pikipiki mwenyewe kwanza, kabla ya kumpa mwingine. Ndivyo na sisi tunavyoagizwa kuchukuliana mizigo. Huwezi kumwambia ndugu, "Umerudishwa," kisha ukakataa kuketi naye benchi moja.

Msikilizaji, huenda wiki hii kuna mtu mmoja nyumbani mwako au katika kanisa lako ambaye wengine wamemtupa, au wamempaka rangi. Mwendee. Msikilize mpaka mwisho. Na kama wewe ndiwe uliyepinda, usiogope kufunguliwa. Mikono itakayokushika ina alama za misumari.

Tuombe. Ee Mungu Baba, wewe unayajua yaliyofichwa chini ya rangi zetu. Utupime kwa kipimo cha Mwanao, utunyooshe kwa rehema zako, na utupe mikono ya upole kwa wenzetu walioanguka. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.