Shamba la Anathothi



Tumeagizwa kunena habari ya tumaini. Tulipopewa agizo hilo tulicheka kidogo sisi kwa sisi, maana twajijua. Waalimu wa makanisa ya vijijini tu hodari wa kunung'unika. Tukikutana njiani, hata hatujamaliza kujuliana hali tumekwisha kuhesabu: bati la kanisa limetoboka, vijana wamekwenda mjini, sadaka ni haba, mvua imekawia. Na yote tusemayo ni kweli. Hapo ndipo penye ugumu, kwa kuwa anung'unikaye kwa uongo hukemewa akanyamaza. Bali anung'unikaye kwa kweli, nani atamfumba kinywa?

Basi tumtazame nabii Yeremia. Mji wa Yerusalemu umezingirwa na jeshi la Babeli, njaa imo ndani, naye amefungwa katika ua wa walinzi kwa sababu alitabiri ya kuwa mji utatekwa. Hata siku moja akaja Hanameli, mwana wa ami yake, akamtaka anunue shamba lake lililoko Anathothi. Ndugu zetu, nchi ile ilikuwa imekwisha kukanyagwa na adui! Mchuuzi yeyote wa soko la Masasi angalimwona Yeremia kuwa amepotewa na akili. Walakini alipima fedha, shekeli 17, akaandika hati mbele ya mashahidi, akamwagiza Baruku aitie katika chombo cha udongo ipate kukaa siku nyingi. Wala hakusema ya kwamba adui hataingia. Adui aliingia, mji ukachomwa moto. Yeremia alinunua akijua hayo.

Wako watu wadhanio ya kuwa kutumaini ni kuuchangamsha uso na kusema "hapana neno," hali neno lipo. Huko ni kujidanganya, na penye msiba huongeza uchungu juu ya uchungu. Mama aliyefiwa na mwanawe hatumwendei kumwambia acheke. Twakaa naye chini. Tumaini la Mkristo tulitafute katika mikono kuliko katika uso. Yeremia alikuwa na huzuni nyingi, na kitabu chake kimejaa machozi, lakini fedha aliitoa, kwa kuwa Mungu alikuwa ameahidi ya kwamba watu watarudi kukaa na kulima.

Wazee wetu walilijua jambo hili kabla yetu. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Unguja, akashukia Lindi pamoja na watu waliofunguliwa katika utumwa, wanaume kwa wanawake. Nia ilikuwa kuwapeleka mbele, upande wa Nyasa, lakini walipofika Masasi waliipenda nchi, wakakaa. Tuwafikiri watu wale. Walikuwa wamekwisha kuuzwa kama mbuzi. Nani angaliwalaumu kama wasingaliamini tena kitu chochote? Nao wakafyeka, wakajenga, wakalima. Mwaka 1882 Wamagwangwara wakawashambulia. Wengine wakauawa, wengine wakachukuliwa mateka, na Padre Porter akafunga safari mpaka kwa Wangoni kuwatafuta. Wengi wa waliosalia wakahamia Newala. Baadaye kazi ya Masasi ikaanzwa tena. Mwaka 1905, katika vita vya Majimaji, misheni ya Masasi ikachomwa. Tusiwatukane waliochoma: nao walikuwa wamechoshwa na kodi na kazi za shuruti za Wadachi. Wakristo wakajenga tena. Ilipokuja vita ya 1914 hadi 1918, Wazungu wa misheni wakafungwa, na baadhi ya waalimu na mapadre Waafrika nao wakafungwa na kuteswa. Vita ilipokwisha wakaanza tena, na mwaka 1926 Masasi ikawa dayosisi, Askofu wake wa kwanza akiwa Vincent Lucas.

Hatudhani ya kuwa wazee wale walipokata miti ya kanisa jipya walikuwa wakiimba kwa furaha kila siku. Yamkini walinung'unika kama sisi. Ila miti waliikata.

Hata mikorosho yetu yaweza kutufundisha. Katika mwaka wa 1973 na 1974 nchi yetu ilivuna tani zipatazo 145,000 za korosho. Kufika 1986 na 1987 zilikuwa hazizidi 17,000 hivi, kwa ajili ya ubwiri unga na mashamba yaliyoachwa watu walipohamishiwa vijijini. Wako walioing'oa mikorosho yao. Wako waliopogoa, wakajifunza kupulizia salfa, wakangoja. Mkorosho haukuambii utazaa lini.

Sasa tuungame. Mwaka mmoja wa ukame sisi wenyewe tulilifunga darasa la ubatizo. Tukatangaza baada ya Misa: watu wana njaa, hawatakuja, tungoje mavuno. Jumatatu bibi mmoja wa mtaa wetu akaja na mjukuu wake, akakaa barazani pa kanisa mpaka jua likatua. Kesho yake akaja tena. Tukamwuliza, "Bibi, hukulisikia tangazo?"

Akasema, "Nililisikia, mwalimu. Lakini mimi juma hili nimepanda mtama wangu katika vumbi, na wingu sijaliona. Ninyi mbona hamkupanda?"

Hatukuwa na jibu. Tuliuchukua ufunguo, tukafungua mlango, tukamfundisha yeye na mjukuu wake Imani ya Mitume. Mvua ya mwaka ule ilikuja haba, na mtama wake mwingi ulikauka. Hilo nalo tuliseme, tusije tukaonekana tunapamba habari. Yeye hakukosa hata siku moja, akabatizwa Pasaka.

Basi, waalimu wenzetu, tunalo tangazo moja la mtaa wetu. Baada ya sikukuu hii darasa la ubatizo litaanza Jumatatu, saa kumi alasiri. Walioandikisha majina hata leo ni watatu.