Kocha wa Nyumbani

Mazungumzo yaliyotolewa kwa vijana, wazazi na kamati ya michezo, Mwihoko



Nimeombwa na mwenyekiti niseme machache kabla hatujafika kwenye ile ajenda iliyowaleta wengi wenu leo, yaani kama tumwachishe kazi kocha wetu au tumwache aendelee. Nasema "kazi", na hali hatumlipi hata nauli ya kufika Githurai. Mtaniwia radhi, kwa maana nitaanza na habari za mtu mwingine kabisa.

Mtu huyo ni Francis Kimanzi. Nyinyi mnaofuata mpira mnamjua. Wale ambao hawafuati, basi nawaambia kwa kifupi kwamba ni kijana wa Mathare aliyecheza mpira, akawa kocha wa timu yake, halafu akawa kocha wa Harambee Stars. Si mara moja. Mara tatu.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1987 Kenya ilikuwa mwenyeji wa Michezo ya Afrika, na ndipo uwanja wa Kasarani ukafunguliwa, huu tunaoupita kila siku tukienda mjini kwa barabara ya Thika. Mwaka huohuo, kilomita chache mbele ya hapo, watoto wa Mathare walikuwa wakicheza na mpira wa makaratasi ya nailoni uliofungwa kwa kamba. Mkanada mmoja aitwaye Bob Munro, ambaye shughuli zake zilikuwa za mambo ya mazingira, akaanzisha pamoja nao chama cha michezo cha vijana, ndicho tunachokiita MYSA.

Sasa sikilizeni masharti yake, maana hapa ndipo penye maneno. Kijana anataka ligi, anataka mpira wa kweli, anataka refa. Sawa, atapata. Lakini na yeye atatoa kitu. Atatoka na jembe na toroli asafishe mtaro wa mtaa wake. Na timu ikimaliza kazi hiyo ya usafi, inapata pointi sita kwenye jedwali la ligi. Pointi sita! Hata ukishinda mechi hupati hizo. Kwa hiyo timu yenye mastaa wavivu ingeweza kupitwa na timu ya wacheza ovyo ambao wameshika jembe. Mwaka 1992 kazi hiyo ilitambuliwa na Umoja wa Mataifa kwa tuzo ya mazingira, na ndio wakati huohuo wasichana nao walipoanza kupewa ligi yao. Mabinti wa hapa Mwihoko, mmesikia hilo. Na nyinyi wa kamati pia.

Mwaka 1994 ikaundwa timu ya wakubwa, Mathare United, na mwaka 1998 ikachukua Kombe la Moi ikiwa bado inacheza daraja la pili. Ikapanda, ikakaa na wakubwa. Lakini sharti halikubadilika. Mchezaji wa Mathare United alidaiwa saa zake za kazi ya jamii kila mwezi: kufundisha watoto wadogo mpira, kuchezesha mechi zao, kuzungumza na vijana juu ya ukimwi. Kama hukufanya, jina lako linaangaliwa vibaya hata kama una miguu ya dhahabu.

Mnaona pale? Kijana kama Kimanzi alikulia mahali ambapo mchezaji alikuwa mwalimu kabla hajatundika viatu. Wengi wetu tunadhani ukocha ni cheo cha mtu aliyezeeka uwanjani, anapewa filimbi kama vile mstaafu anavyopewa saa ya ukutani. Pale Mathare haikuwa hivyo. Unafunga goli Jumamosi, na siku nyingine uko vumbini na watoto thelathini na mpira mmoja, unajifunza kunyamazisha mtoto anayelia bila kumwaibisha. Huo ndio ukocha wenyewe, au sehemu yake kubwa.

Mwaka 2008 Mathare United ikatwaa ubingwa wa ligi kuu ya Kenya kwa mara yake ya kwanza, Kimanzi akiwa kocha. Timu ya mitaro, jamani. Na mwaka huohuo alikuwa amekabidhiwa pia Harambee Stars, hali hajafika hata miaka 35. Katika kutafuta Kombe la Dunia la 2010, Kenya ilikuwa kundi moja na Guinea, Zimbabwe na Namibia. Tukamaliza wa pili nyuma ya Guinea na kuingia raundi ya mwisho. Desemba 2008 FIFA ikatuweka nafasi ya 68 duniani, ambayo hatukuwa tumewahi kuifikia. Januari 2009 tukafika fainali ya CECAFA kule Kampala, Uganda wakatufunga 1-0.

Halafu akafutwa. Mwezi huohuo wa Januari.

Akaletwa Mjerumani, Antoine Hey. Huyo naye hakufika mwisho wa safari, aliondoka kabla ya mechi ya mwisho, na Kenya ikamaliza mkiani mwa kundi lenye Nigeria, Tunisia na Msumbiji, ikiwa na pointi tatu tu. Mwaka 2011 wakamwita tena Kimanzi. Mwaka 2012 akatoka tena, akaja Mfaransa, Henri Michel. Agosti 2019 wakamwita mara ya tatu. Novemba mwaka huo akaenda Alexandria na kutoka sare 1-1 na Misri kwao, goli letu likifungwa na Michael Olunga. Oktoba 2020 tukawafunga Zambia 2-1 hapa Nairobi katika mechi ya kirafiki. Kabla mwezi huo haujaisha, ikatangazwa kwamba wameachana kwa makubaliano.

Sisemi mtu huyu alikuwa malaika. Mwaka 2012 tulifungwa na Namibia, na siku chache kabla ya kupoteza huko tulikuwa tumeshindwa kupata goli mbele ya Malawi nyumbani. Novemba ile ya 2019, baada ya raha ya Misri, tulitoka sare na Togo pale Kasarani, mechi ambayo wengi walitarajia tushinde. Wala sisemi wageni hawafai. Mfaransa Sébastien Migné ndiye aliyetupeleka Kombe la Afrika la 2019, na tulikuwa hatujafika huko tangu 2004. Mwenye haki apewe haki yake. Ila ninauliza: kwa nini yule wa nyumbani huitwa nyumba ikivuja, na paa likishashika anaambiwa ahsante, nenda?

Basi turudi hapa kwetu Mwihoko.

Barua iliyo mezani kwa mwenyekiti ina majina kumi na moja. Jina la nne ni langu. Niliweka sahihi baada ya mechi ile ya tatu tuliyopoteza, nikiwa nimekasirika, maana mjukuu wangu alitolewa dakika ya ishirini. Sikumwuliza kocha kwa nini. Nilikuja kujua baadaye kwamba mtoto hakuwa amekula tangu asubuhi, na kijana yule alimtoa, akamnunulia maziwa na mandazi kwa pesa zake. Alikaa kimya asitutie aibu watu wa nyumba ile. Mimi nikaweka sahihi.

Huyu kijana alichezea timu yetu hii hii. Nani alipanga siku ya kufungua ule mtaro wa kuelekea dukani mvua za Aprili? Nani huwaita majina wale watoto wote arobaini bila kukosea? Mnasema tumlete yule mwalimu kutoka Ruiru mjini mwenye cheti. Vizuri, cheti ni kitu chema. Lakini hesabu ya mweka hazina nimeiona. Pesa za kumlipa mwalimu huyo kwa miezi miwili zingetosha kumpeleka kijana wetu kwenye kozi, naye arudi na cheti chake.

Mwenyekiti, naomba jina langu lifutwe kwenye barua ile, hata kama mengine kumi yatabaki. Na kabla hamjapiga kura, mwiteni mwenyewe aseme. Hayuko mbali. Nimempita nje karibu na tangi la maji, anangojea mkutano uishe. Ana mfuko wa mipira mitatu, na mmoja wapo hauna hewa.