Akiba ya Chakula na Wajibu Wetu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Sikuja kuwafundisha wazee jambo wasilolijua, kwa maana wao ndio waliotulea na kutulisha katika miaka ya njaa. Nimekuja kutukumbusha sisi tutokao Ukambani na kufanya kazi mjini, jambo ambalo mshahara umetusahaulisha, nalo ni hili: nyumba isiyo na chakula ghalani ni nyumba maskini, hata kama mwenyewe ana fedha mfukoni.

Wazee wetu hawakuhesabu njaa kwa tarakimu za mwaka. Kila njaa waliipa jina lake. Njaa ya 1961 iliitwa Yua ya Ndeke, yaani njaa ya ndege, kwa sababu baada ya ukame zilikuja mvua kubwa zilizokata barabara, na chakula kikadondoshwa kutoka angani. Njaa ya 1984 iliitwa Nikw'a Ngwete, maana yake, "Nafa huku nimeshika." Na kilichoshikwa mkononi kilikuwa nini? Kilikuwa ni fedha.

Mimi nilikuwa mtoto mwaka ule, nami nalikumbuka jina hilo kwa macho yangu mwenyewe. Baba alifanya kazi Mombasa, na kila mwisho wa mwezi alileta fedha bila kukosa. Mama alizifunga katika pindo la leso, akaondoka alfajiri kwenda sokoni, akarudi jioni na pindo lile lile limefungwa vile vile. Duka la kwanza halikuwa na unga, la pili halikuwa na unga, na katika la tatu watu walikuwa wamesimama foleni wakingojea lori lisilojulikana lingefika lini. Usiku ule tulikunywa maji ya moto yenye chumvi. Baba yetu hakuwa mvivu wala mlevi. Kosa letu lilikuwa moja tu, kwamba tuliiuza akiba yetu baada ya mavuno yaliyotangulia, tukiamini kwamba fedha ni chakula.

Pengine kijana atasema kwamba mambo hayo yamepita, kwa kuwa siku hizi fedha husafiri kwa simu na maduka yamejaa kila mahali. Na tutazame basi miaka ya karibuni. Mwezi wa Aprili 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, Serikali ilifunga njia za kuingia na kutoka Nairobi, na wengi wetu hapa tulishindwa kuwafikia wazazi wetu. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo katika sehemu nyingi za nchi kavu. Mwezi wa Aprili na Mei 2024 mafuriko yalibomoa barabara na madaraja. Simu hupeleka fedha, lakini hakuna simu ipelekayo debe la mahindi ng'ambo ya mto uliofurika.

Ndugu zangu, hebu tujichunguze. Mavuno yetu makubwa huja mwezi wa Februari na Machi. Wakati huo karo inadaiwa, madeni yanadaiwa, na mnunuzi yupo mlangoni na mizani yake. Twauza magunia kwa bei ya chini kwa sababu kila mtu anauza. Ifikapo Oktoba na Novemba, twayanunua tena kwa gorogoro, kwa bei ya juu, kwa sababu kila mtu ananunua. Hivyo mkulima humtunzia mfanyabiashara faida yake, naye mwenyewe hubaki na njaa yake.

Basi, yatupasa kuweka kiasi gani? Kwa kawaida huhesabiwa takribani gunia moja la kilo 90 la mahindi kwa mtu mmoja kwa mwaka. Kwa hiyo nyumba ya watu sita hula karibu nusu gunia kila mwezi. Nyumba hiyo ikiwa na gunia moja na nusu lisiloguswa ila kwa dharura, imejipatia miezi mitatu ya kupumua. Pamoja na mahindi, ziwekwe kunde, mbaazi na maharagwe. Wala tusidharau wimbi, mtama na mawele, nafaka za babu zetu. Punje za wimbi ni ndogo mno, wadudu hawazipendi, nazo hukaa ghalani miaka kadhaa bila kuharibika. Kadhalika kila nyumba iwe na chumvi, viberiti, sabuni, mafuta ya taa, dawa za lazima, na mitungi safi ya maji yenye vifuniko.

Waswahili husema, "Akiba haiozi." Bwana Mwenyekiti, naomba ruhusa ya kuiongezea methali hiyo neno moja: haiozi ikiwekwa kavu. Ikiwekwa mbichi huoza, na ikioza yaweza kuua.

Hapa nasema kwa huzuni, kwa kuwa wako kati yetu waliofiwa. Mwaka 2004, katika Makueni, Kitui na wilaya jirani, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na 125 kati yao walifariki. Mahindi mengi yalikuwa yamevunwa yakiwa na unyevu, na watu wakayaweka ndani ya nyumba, mara nyingi juu ya sakafu ya udongo. Kuvu ikaota, na sumu yake ikaharibu maini ya wenye kula. Sumu hiyo haiondoki kwa kupika, wala kwa kukoboa haiishi yote. Watu wale hawakufa kwa kukosa akiba. Walikuwa nayo, nayo ndiyo iliyowaua.

Kwa hiyo naomba tushike mambo haya manne.

La kwanza, tuanike. Mahindi yasitandazwe juu ya udongo, bali juu ya turubai au mkeka, na yaanuliwe kabla ya mvua na umande. Punje zilizooza, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zitengwe, wala asipewe mtu wala kuku.

La pili, tupime. Chukua chupa kavu ya kioo yenye kifuniko, tia mahindi mpaka robo yake, ongeza vijiko vichache vya chumvi iliyo kavu kabisa, utikise dakika chache, kisha uiache itulie kwa robo saa. Chumvi ikigandamana na kioo, mahindi hayajakauka. Isipogandamana, unyevu umeshuka chini ya sehemu 15 katika 100. Lakini usiridhike, yaanike tena, kwa kuwa kiasi kifaacho kwa kuweka muda mrefu ni 13 na nusu.

La tatu, tuinue. Ghala lisimame juu ya miguu, na kila mguu uvikwe bati ili panya asipande. Magunia yawekwe juu ya mbao, mbali na ukuta.

La nne, tuzuie wadudu. Yupo dumuzi, ambaye vijana wa huku humwita Osama. Asili yake ni Amerika ya Kati. Aliingia Tanzania, na 1983 akaonekana Taveta. Yeye hugeuza gunia la mahindi kuwa vumbi katika miezi michache. Siku hizi imepatikana mifuko isiyopitisha hewa, yenye tabaka mbili za plastiki ndani ya gunia la kawaida. Ikifungwa barabara, wadudu waliomo humaliza hewa na kufa, bila dawa yoyote. Lakini mahindi mabichi yakitiwa humo, mfuko hauyaponyi.

Sasa nafikia neno gumu, nalo nalisema kwa heshima. Chama chetu kinasifiwa kwa kuzika vizuri. Mwanachama akifariki, twachanga kabla jua halijatua, gari linapatikana, na chakula cha waombolezaji hakikosekani. Jambo hilo ni jema, nasi tusiliache. Lakini mjane yule yule, mwezi wa Novemba ukifika na sufuria yake ikiwa tupu, ni nani kati yetu huitisha mkutano? Je, twampenda mtu akiwa jenezani kuliko akiwa mezani?

Kwa hiyo natoa pendekezo hili. Kila mwaka, baada ya mavuno, sehemu ya michango yetu inunue mahindi na kunde za wanachama wenyewe kwa bei ya haki, zikaushwe, zipimwe, na kuwekwa katika ghala moja la chama nyumbani. Chama kinunue pia maturubai ya kuazimana. Ghala lijengwe kwa mwethya, kama wazazi wetu walivyojenga matuta na mabwawa. Mwanachama mwenye shida akopeshwe magunia, naye arudishe wakati wa mavuno pamoja na gorogoro chache za kulitunza ghala. Wajane na wazee wasio na mtu wapewe bila kudaiwa. Ufunguo ushikwe na watu watatu, na mmoja wao awe mama, kwa kuwa akina mama ndio wanaojua mahindi yataisha lini.

Mama yangu aliishi miaka mingi baada ya 1984. Hata tulipokuwa sote na kazi, hakukubali kuuza gunia lake la mwisho. Tulipomcheka alitujibu, "Fedha zenu nimezishika. Hili ndilo linalonishika mimi."

Bwana Mwenyekiti, natoa hoja. Mungu akibariki chama chetu na mashamba yetu.