Utabiri wa Vuli na Mnada wa Septemba

 

Redio ikitangaza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, simu yangu hailali. "Daktari, wamesema mvua ni nyingi!" Nyingi wapi? Sikilizeni kanda yenu. Dodoma, Singida na Tabora wana msimu mmoja, Novemba hadi Aprili. Sisi wa Longido, pamoja na Manyara na Kilimanjaro, tuna vuli ya Oktoba hadi Desemba, na masika ya Machi hadi Mei. Mvua ya Tabora haioteshi majani hapa.

Halafu, "chini ya wastani" si kusema hakuna mvua. Wakitoa asilimia 45 kwa chini ya wastani, maana yake katika misimu 100 ya namna hiyo, 55 haitakuwa chini. Kwa hiyo sisemi muuze zizi zima. Uzeni Septemba wale ambao mngewauza tu hata mvua ikinyesha: maksai, ng'ombe wazee, majike yasiyoshika mimba. Mitamba ibaki, na alalili ifungwe kwa ajili ya ndama.

Mwaka 2009 baba yangu alisubiri. Mzee aliangalia mawingu hadi Novemba. Tulipokwenda mnadani tulikuwa tunawainua ng'ombe kwa mikia, na bei ya mmoja haikufika gunia la mahindi. Tukawarudisha kwa miguu. Watatu hawakufika.

Utabiri wa vuli, niwaambie, huaminika kuliko wa masika, kwa kuwa vuli yetu hufuata sana joto la maji ya bahari, na hilo huonekana mapema. Wakitaja El Nino, msifurahie majani peke yake. Mafuriko huangua mayai ya mbu yaliyokaa ardhini miaka, na Homa ya Bonde la Ufa hufuata, kama 1997/98 na 2006/07. Chanjo ni kabla ya mvua. Ugonjwa ukishaingia, sindano yenyewe inaweza kuuhamisha kutoka mnyama hadi mnyama. Kondoo na mbuzi wakitupa mimba kwa wingi, msiguse kwa mikono mitupu, msichinje, nipigieni.

Jumanne nitakuwa joshoni kuanzia saa moja asubuhi kuandikisha mifugo ya chanjo. Wenye majike yenye mimba waniambie kwanza.