Kutafuna kwa Mtoto Mwenye Meno Yasiyoumana Sawasawa: Kabla na Baada ya Matibabu

Mada kwa semina ya matabibu wa meno, wauguzi wa kliniki za watoto na walimu wa afya wa shule za msingi



Mzazi akimleta mtoto kwa sababu ya mpangilio wa meno, karibu kila mara analalamikia sura. Meno yamepandana, ya juu yamechomoza, wenzake shuleni wanamcheka. Ni malalamiko ya haki. Lakini ni wazazi wachache mno wanaokuja wakisema, "Mwanangu hatafuni vizuri." Na uchunguzi wenyewe mara nyingi hufuata mkondo huohuo: mtoto anafunua midomo, anauma, anapimwa milimita, kadi inaandikwa, anaondoka bila mtu yeyote kumwona akila. Hoja yangu leo ni kwamba kinywa cha mtoto ni chombo cha kula kwanza, na matibabu ya kupanga meno yahesabiwe yamefaulu siku mtoto anapotafuna kwa pande zote mbili, hata kama picha ilishapendeza miezi mingi nyuma.

Kutafuna hujifunzwa

Mtoto huzaliwa akijua kunyonya na kumeza. Kutafuna hujifunza baadaye. Jino la kwanza hutoka karibu na mwezi wa sita, magego ya kwanza ya utoto hutoka mtoto akiwa na mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, na kufikia miaka mitatu meno yote 20 yapo kinywani. Mdundo wa kufungua na kufunga taya hutoka kwenye shina la ubongo, lakini njia ambayo taya itapita, na msuli upi utangulie kukaza, huamuliwa na taarifa zinazopanda kutoka kwenye mizizi ya meno, ulimi na mashavu. Jinsi meno yanavyokutana katika miaka hiyo ndivyo ubongo unavyozoea, na mazoea hayo ni magumu kuyang'oa.

Mtazameni mtoto wa miaka saba mwenye meno yaliyokaa vizuri akila muhogo mbichi. Anakata kipande kwa meno ya mbele, ulimi unakisukuma upande mmoja, tuseme kulia. Taya la chini linashuka, linatoka kidogo kuelekea kulia, kisha linapanda na kurudi ndani hadi magego ya juu na ya chini yasagane. Baada ya mapigo machache ulimi unakihamishia kushoto, na kazi inaendelea. Mkiweka vidole kwenye mashavu yake na kwenye panja, mtasikia misuli ya pande zote mbili ikikaza kwa nguvu inayokaribiana.

Taya linapokwepa

Kasoro za kuumana ni nyingi, na mgawanyo alioutoa mtaalamu wa kupanga meno Edward Angle mwaka 1899, unaotazama gego la kwanza la juu limekaaje juu ya la chini, bado tunautumia. Kwa watoto wetu mgawanyo huo hautoshi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu watoto 1,601 wa miaka 12 hadi 14 wa Kinondoni na Temeke ulikuta asilimia 63.8 wana angalau kasoro moja, ilhali magego ya asilimia 93.6 yalikuwa katika daraja la kwanza la Angle, yaani mahali pake. Kasoro iliyoongoza, kwa asilimia 22.5, ilikuwa mstari wa katikati ya meno ya mbele kuhama. Mstari huo unaweza kuhama kwa sababu jino limeng'olewa mapema na mengine yakasogea. Unaweza pia kuhama kwa sababu taya zima limekwenda pembeni, na hii ya pili ndiyo inayoharibu kutafuna kuliko zote.

Hutokea hivi. Taya la juu ni jembamba kuliko inavyotakiwa, pengine kwa sababu ya kunyonya kidole kwa muda mrefu. Mtoto akifunga kinywa, chonge za juu na za chini zinagongana ncha kwa ncha kabla magego hayajakutana. Mlango ukigusa kizingiti, mwenye nyumba huusukuma kidogo pembeni ili ufunge. Mtoto naye hulisukuma taya upande mmoja hadi apate mahali pa kufungia meno. Upande huo magego ya juu sasa yanakaa ndani ya yale ya chini badala ya nje. Tuite hali hiyo kuumana kinyume.

Akitafuna kwa upande huo, taya hubadilisha njia. Badala ya kutoka nje kisha kurudi ndani, linapanda kutokea ndani kwenda nje, kwa sababu ndiyo njia pekee inayowezesha magego yaliyokaa kinyume kusagana. Watafiti wa Torino, Italia, wamepima mwendo huu kwa sumaku ndogo inayobandikwa kwenye meno ya mbele ya chini. Waliona mapigo ya kinyume yanakuwa mengi zaidi mtoto anapotafuna kitu kigumu kuliko anapotafuna kitu laini. Walimu na wauguzi mlikumbuke hili, maana mtoto anayekula ndizi za kupikwa mbele yenu anaweza kuonekana hana tatizo lolote. Mpeni karanga au kipande cha karoti, kisha mtazame kidevu.

Watafiti wa Denmark nao walikuta watoto wenye kuumana kinyume upande mmoja wana nguvu ndogo ya kuuma kuliko wenzao. Misuli ya kulia na kushoto haifanyi kazi sawa. Kwa mtu mzima hilo lingekuwa usumbufu tu, lakini mtoto bado anakua, na taya linalokua likiwa limekwepa linaweza kukomaa likiwa limepinda. Hapo kazi iliyokuwa ya waya na skrubu huishia kuwa ya upasuaji.

Mzazi hayaoni haya kama tatizo la meno. Mama mmoja alikuja na binti wa darasa la pili kwa ajili ya gego lililotoboka, akasema kama jambo la pembeni: "Dokta, na huyu ni mvivu wa kula. Wenzake wanamaliza makande, yeye bado anazungusha mdomoni, nyama anaitema." Nikamwomba binti aume polepole. Ncha za chonge zikagusana, akasita, kidevu kikatelezea kushoto, kikatulia. Mama aliona mwenyewe. Mtoto yule hakuwa mvivu. Alikuwa anafanya kazi mara mbili ya wenzake kwa kila tonge.

Kasoro nyingine nitazipitia kwa haraka. Mtoto ambaye meno yake ya mbele hayakutani hawezi kukata embe au mkate kwa mbele, hivyo huingiza chakula kwa pembeni na kukirarua. Mwenye meno ya juu yaliyochomoza sana hupata shida hiyohiyo, na zaidi ya hapo yuko katika hatari ya kuyavunja akianguka. Mwaka 2002 watafiti wa Texas walipima ukubwa wa vipande vinavyobaki baada ya kutafuna. Ukilinganisha na watu wenye meno yanayoumana vizuri, vipande vya wenye kasoro ya daraja la kwanza vilikuwa vikubwa kwa takriban asilimia 9, vya daraja la pili, ambao taya lao la chini limebaki nyuma, asilimia 15, na vya daraja la tatu, ambao taya lao la chini limetangulia mbele, asilimia 34.

Tusivuke mpaka

Kutokana na takwimu kama hizo wapo wanaotangaza kwamba meno yaliyopinda huleta utapiamlo na maradhi ya tumbo. Sikubaliani nao, na naomba tusiwatishe wazazi kwa hoja hiyo. Mtoto hufidia: hutafuna kwa muda mrefu zaidi, humeza vipande vikubwa, au huchagua vyakula laini. Tumbo la mtoto mwenye afya humudu mengi. Madhara tunayoweza kuyasimamia ni ya kweli na yanatosha: uchovu wa kula, kukwepa nyama, karanga na matunda magumu, misuli isiyolingana, na ukuaji wa taya unaokwenda upande.

Na tuseme wazi kwamba katika kliniki zetu kinachompokonya mtoto uwezo wa kutafuna mara nyingi zaidi ni kuoza kwa magego. Mtoto mwenye gego linalouma huhamia upande wa pili siku hiyohiyo, hata kama meno yake yamepangika kama ya kwenye tangazo. Gego la pili la utoto likioza na kung'olewa mapema, gego la kudumu lililo nyuma yake husogea mbele na kula nafasi, na miaka michache baadaye mtoto yuleyule anarudi meno yakiwa yamebanana. Gego hilo la kudumu hutoka mtoto akiwa na miaka sita hivi, nyuma ya meno ya utoto, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Ndiyo maana wazazi wengi hudhani ni la utoto na kuliacha lioze. Walimu wa darasa la kwanza, hili mkiwafundisha wazazi katika kikao kimoja mtakuwa mmefanya tiba kubwa.

Lipo pia jambo la meno ya plastiki. Bado wapo watoto wachanga wanaochokonolewa fizi kwa sababu ya homa au kuhara, kwa imani kwamba uvimbe mweupe unaoonekana ndio meno hayo yanayoleta ugonjwa. Uvimbe ule ni chonge ya utoto ikiwa bado ufizini, na ya kudumu inaanza kujijenga karibu nayo. Mtoto aliyefanyiwa hivyo, ukiacha hatari ya kupoteza damu na kupata maambukizi, anaweza kukosa chonge au kuipata ikiwa na kilema, na meno ya mbele yakahama kuziba pengo. Wauguzi wa kliniki, ninyi ndio mnaomwona mama kabla hajapelekwa kwa mchokonoaji. Neno lenu lina uzito kuliko la daktari wa meno, ambaye humwona mtoto mambo yakiwa yamekwisha.

Matibabu, na kinachofuata baada yake

Si kila kasoro inahitaji kukimbiliwa. Meno ya mbele yasiyokutana kwa sababu ya kunyonya kidole mara nyingi hujirekebisha mtoto akiacha mapema, kabla meno ya kudumu hayajatoka. Kubanana kwa meno kunaweza kusubiri. Kuumana kinyume kunakoambatana na taya kukwepa kusisubiri. Kwa mtoto mdogo wakati mwingine kusugua ncha za chonge za utoto zinazogongana hutosha. Ikishindikana, taya la juu hupanuliwa, na hili ni rahisi zaidi utotoni kwa sababu mshono wa katikati ya kaakaa bado haujakaza.

Kipo kifaa cha plastiki chenye skrubu, ambacho mtoto huvaa na kuvua, na upo waya wenye koili nne unaogandishwa kwenye magego ya juu. Majaribio yaliyofanyika Sweden yalionyesha kwamba waya ulifaulu kwa watoto wote waliowekewa, na cha kuvua kikashindwa kwa theluthi moja, hasa kwa sababu hakikuvaliwa. Kwa familia inayosafiri kutwa nzima kufika hospitali ya mkoa, ningechagua cha kugandisha bila kusita.

Waya ukiwekwa, kutafuna huharibika kwanza. Maumivu huanza baada ya saa chache, hufika kilele kesho yake, na hupoa ndani ya wiki. Mzazi aelezwe kabla, la sivyo ataomba kifaa kitolewe siku ya pili. Siku hizo mtoto ale uji mzito, maharage yaliyoiva, wali laini, ndizi za kupikwa. Mahindi yapukuchuliwe badala ya kung'atwa kwenye gunzi, na miwa ikae kando hadi matibabu yaishe.

Nguvu ya kuuma nayo inaweza kushuka mara baada ya kurekebishwa, kwa sababu meno yanakutana mahali pageni, kisha ikapanda tena meno yakitulia. Kule Torino mapigo ya kinyume yalipungua sana baada ya matibabu. Kupungua si kwisha. Mtoto aliyezoea upande mmoja kwa miaka mitano anaweza kuendelea nao ingawa magego yamekaa sawa, na hapo ndipo tunapomwacha njiani kwa kuandika kwenye faili kwamba amepona. Mzazi amwelekeze mezani, bila ukali, tonge hili kulia, lile kushoto, na vyakula vigumu virudishwe kidogokidogo.

Kupima maendeleo hakuhitaji mashine. Tangu mwaka 1950 wataalamu wa Marekani walikuwa wanatafunisha watu karanga na kupitisha vipande kwenye machujio. Siku hizi hutumika bazoka mbili za rangi tofauti. Mtoto anayejua kutomeza huzitafuna pamoja mapigo 20, zinatolewa na kubanwa kwenye karatasi ya plastiki. Rangi zikichanganyika vizuri, anatafuna. Zikibaki michirizi, bado. Fanyeni upande wa kulia, kisha wa kushoto, kabla ya matibabu na miezi sita baada ya kuyamaliza, na mhifadhi majibu kwenye faili.

Ombi langu kwenu ni la utekelezaji. Kila mtoto wa darasa la kwanza aketi mbele ya mwalimu wa afya, aume polepole huku akitazamwa kidevu, kisha apewe kipande cha karoti akitafune. Kidevu kikitelezea pembeni, apewe barua ya rufaa siku hiyohiyo, na sisi wa kliniki tumpokee bila kumwambia asubiri meno yote yatoke.